Muulize jirani kabla hujaazima karai lake

Mdogo wangu amepata kazi Tanga, mwezi ujao anahama. Hajawahi kuishi nje ya Kilimanjaro. Juzi kanipigia simu akaniuliza ataishije na watu ambao dini yao, chakula chao na kabila lao si vyake, kwa sababu wazee nyumbani wamemwambia jambo moja tu: "Ukawe mvumilivu." Nikamwambia nitamwandikia, maana jibu langu ni refu na linaanzia kwenye karai la kuazima.

Ilikuwa mwaka 2008, mwezi wangu wa pili Dar es Salaam. Nilitoka Rombo nikapanga chumba Buguruni, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: korido katikati, uani choo kimoja na bafu moja, luku tunachangia. Mama mwenye nyumba ni Mzaramo, Mwislamu, na kila alfajiri alikuwa akikaanga maandazi uani na kuyauza kibarazani. Mimi nilikuwa na sufuria moja na sahani mbili. Jumamosi moja jioni nikamwomba karai lake, akanipa bila swali. Nikakaangia kitimoto.

Sikufanya kwa dharau. Kwetu nguruwe ni nyama kama nyama nyingine, na kichwani mwangu "Waislamu hawali nguruwe" ilimaanisha hawali, basi. Sikujua kwamba jambo hilo linafika hadi kwenye chombo. Nikalisugua karai kwa sabuni na stilwaya mpaka likang'aa, nikalirudisha usiku uleule nikiamini nimerudisha kitu safi.

Alfajiri nikamkuta uani, moto umeshika, unga umeumuka, chupa ya mafuta mkononi. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza kwa wema kabisa jana nimepika nini, harufu ilijaa nyumba nzima. Nikajibu, "Kitimoto, mama." Nilishamaliza kusema ndipo nikaona mkono wake umesimama. Akaiweka chupa chini, akalitazama karai, akautazama unga. Wateja wake nusu walikuwa watoto wa madrasa.

Hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, kula kwako si kosa. Kosa ni kuchukua chombo cha mtu usimwambie unakwenda kupikia nini." Kisha akamtuma mjukuu wake kwa ustadhi wa mtaa wa pili akaulize. Jibu likarudi: lioshwe mara saba, na moja ya hizo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo msafi.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo miaka yote ya kuhubiriwa upendo haikunifundisha. Aliniambia nikalete udongo. Nikachimba chini ya mwembe, mahali ambapo hapakanyagwi sana, nikauchekecha kwa vidole kuondoa mizizi. Nikanunua ndoo mbili za maji kwa mwenye mkokoteni. Yeye akaosha, mimi nikamiminia na kuhesabu kwa sauti, moja mpaka saba, na watoto wa nyumba nzima wamesimama mlangoni wakihesabu pamoja nami. Siku hiyo hakuuza maandazi. Nilipotaka kumlipa hasara yake akakataa, akasema maji niliyonunua yanatosha. Na wiki iliyofuata, nilipokwenda kuazima tena kwa woga, akanipa, ila safari hii akaniuliza: "Unapika nini?" Swali hilo dogo tuliulizana miaka minne, na halikumuudhi mtu hata siku moja.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sikubaliani na neno walilokupa wazee, ingawa nia yao ni njema. Kuvumilia ni neno la maumivu. Tunavumilia njaa, tunavumilia jino. Ukienda Tanga kuwavumilia watu, umeshawafanya jino bovu kabla hujawaona. Kiswahili kina neno bora kuliko hilo: kustahi. Anayekustahi anajua kinachokuuma na anakiepuka bila kuambiwa mara mbili. Lakini huwezi kumstahi mtu usiyemjua, na huwezi kumjua bila kumuuliza. Nilichokosa mimi Buguruni si upendo. Nilimpenda yule mama tangu wiki ya kwanza. Nilichokosa ni swali.

Usidhani ni mambo madogo. Yanayowagombanisha watu wa uani mmoja mara nyingi ni chombo, sauti na kisu, na nchi yetu imeshaona yanapofikia. Oktoba 2012 kule Mbagala, ubishi wa watoto wawili juu ya msahafu uliishia makanisa kuchomwa moto. Februari 2013 kule Buseresere, mkoani Geita, mzozo wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuza ulimuua mchungaji. Miezi ile nilikuwa nikirudi kazini jioni na kukuta watu wamekaa makundi kwenye mitaa ambayo zamani walikaa pamoja. Kwenye nyumba yetu hapakutokea kitu, na siamini ni kwa sababu tulikuwa watu wema kuliko wa Mbagala. Tulikuwa na mazoea ya kuulizana tayari. Mazoea hayo hayajengwi siku ya moto.

Watu watakuvuta kwenye ubishi wa dini ipi ina wafuasi wengi nchini. Usiingie. Sensa zetu hazijauliza dini tangu ile ya 1967, kwa hiyo kila anayekutajia hesabu anakisia, na hata angekuwa na hesabu sahihi, wingi haukusaidii kitu mnapogombea zamu ya kusafisha choo.

Jifunze kuitikia salamu za watu. Umeona kwenye mikutano ya mtaa mwenyekiti anavyoanza: asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, na watu wanaitikia zote. Wako wanaodhani ni kupoteza muda. Mimi naona ni dakika moja ambayo kila mtu pale anaambiwa ameonekana. Ukijibu "waaleikum salaam" hujabadili dini, umemjibu mtu.

Kuhusu utani, kuwa mwangalifu. Sisi Wachaga na Wapare ni watani; Mpare wa chumba cha tatu aliruhusiwa kusema lolote kuhusu mimi na pesa, nami nikamrudishia, na siku bibi yangu alipofariki yeye ndiye aliyenichekesha nikaweza kula. Nikalewa utani huo. Nikamtania jirani wa Kimakonde kuhusu chale za usoni kwa baba yake, niliyewahi kumwona kwenye picha. Hakujibu. Alichukua kigoda chake akaingia ndani. Baba yake alikuwa amezikwa miezi mitatu tu nyuma. Sikujua, kwa sababu sikuwa nimeuliza, na mimi si mtani wake. Utani una mipaka yake iliyowekwa na wazee. Nje ya mipaka hiyo ni matusi yanayochekewa. Nilikwenda kumwomba radhi jioni ileile. Alinisamehe, lakini ilichukua muda mrefu kigoda kile kurudi karibu na changu.

Utakapotakiwa kulalamika, na itafika siku, lalamikia jambo lenyewe. Chumba cha tano alikaa mlokole wa Kinyakyusa aliyekuwa akisali kwa sauti saa tisa usiku. Chumba cha pili alikaa dereva wa daladala, anaamka saa kumi. Usiku mmoja dereva akagonga mlango akafoka, "Makelele yenu ya kilokole yamezidi!" Tangu dakika hiyo hakuna aliyekumbuka habari za usingizi. Walinuniana wiki mbili, na nyumba ikaanza kugawanyika. Mama mwenye nyumba akawaketisha uani mchana, wakiwa wameshiba, akamuuliza dereva: "Unachotaka ni asisali au ulale?" Akajibu, "Nataka kulala, mama." Yule mlokole akashangaa kweli. "Kumbe ni usingizi? Mimi nilidhani hutaki Yesu atajwe." Akahamishia sala ya sauti jioni, mwisho saa nne, na ya usiku akaisali moyoni. Angalia saa pia: asubuhi kuna haraka, usiku kuna hasira. Nenda mchana, salimia kwanza, kaa, kisha sema shida yako.

Kuna jambo moja ambalo sitaki ulistahi. Nyumba ya jirani yetu aliishi mwanamume aliyekuwa akimpiga mke wake, na tulipomwambia akasema tusiingilie mila za kwao. Baadhi yetu tulinyamaza, tukidhani kunyamaza ndiko kuheshimu tofauti. Nilinyamaza mimi pia, miezi kadhaa, na hadi leo hilo linaniuma kuliko la karai. Baadaye wanawake wa mtaa walikwenda kwa mjumbe, wakatusuta sisi wanaume hadharani, na walikuwa na haki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Mwenye mila ile alikuwa ni mume peke yake. Mke, aliyetoka kabila hilohilo, hakuwahi kuulizwa. Mtu akikutajia mila, mtazame anayeumia na umuulize yeye.

Tanga utafika kabla ya Ramadhani. Mchana utakula ndani, si kibarazani. Hakuna atakayekukataza, lakini jiweke kwenye koo la aliyefunga. Jioni wakikuletea futari, pokea, na sahani usiirudishe tupu.

Nyumbani kwangu sasa kuna sufuria tatu na karai moja ambavyo havijawahi kugusa kitimoto. Mke wangu amevifunga utepe wa kijani kwenye vishikio, vinakaa kwenye kabati la peke yake. Mwaka jana binti yetu alipopata kipaimara, yule mama alitoka Buguruni kwa daladala mbili, na magoti yake yale. Alifika saa kumi na mbili asubuhi, kuku wameshachinjwa na jirani yetu Mwislamu kama tulivyokubaliana. Akajifunga kanga kiunoni, akaingia jikoni, akauliza, "Vyombo vyangu viko wapi?"