Kabla ya Kununua Programu ya Kibiashara kwa Ajili ya Seva ya Linux

Tangu nianze kusimamia seva, wenzangu wa idara ya manunuzi wamekuwa wakiniuliza kama programu fulani ya kibiashara inafanya kazi kwenye Linux. Ninawashauri wamuulize muuzaji jambo mahususi zaidi: ameithibitisha kwa distro (toleo la Linux linalosambazwa na kampuni au jumuiya fulani) ipi, toleo lipi na kichakataji cha aina gani? Programu inaweza kuwaka na kuendelea vizuri hata mahali ambapo haijathibitishwa, lakini ithibati ndiyo inayomfunga muuzaji kulipokea tatizo likitokea.

Niliyaona hayo kwa programu moja ya uhasibu iliyoacha kutoa ripoti baada ya masasisho ya kawaida. Jambo la kwanza ambalo mtoa huduma alitaka ni yaliyomo katika faili la /etc/os-release, linalotaja distro na toleo la seva, na alipoona jina la CentOS alifunga shauri letu papo hapo, akitutaka turudie kosa lile kwenye Red Hat Enterprise Linux, distro ya kulipia aliyoithibitisha. Tulilazimika kuandaa seva nyingine na kulionyesha kosa lilelile, ndipo akaanza kulishughulikia, huku watu wa mishahara wakisubiri. Niliumia, ingawa mkataba ulimpa haki hiyo.

CentOS ilijengwa kutokana na msimbo uleule wa Red Hat, na kwa sababu ilikuwa ya bure taasisi nyingi ziliitegemea. Mnamo Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS Linux 8, iliyotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, ingekoma tarehe 31 Desemba 2021. Rocky Linux na AlmaLinux, distro nyingine za bure zinazoifuata Red Hat, zimeziba pengo hilo kwa ustadi mkubwa, ila si kila muuzaji anayezitaja katika orodha yake. Hifadhidata ya Oracle 19c, kwa mfano, imethibitishwa kwa Oracle Linux, Red Hat na SUSE, wala Debian na Ubuntu hazimo.

Namba ya toleo nayo ina uzito wake. Red Hat Enterprise Linux 8 inatumia glibc 2.28 (glibc ni maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu huitegemea) na Red Hat Enterprise Linux 9 inatumia 2.34, kwa hiyo programu iliyojengwa juu ya toleo la 9 huweza kugoma kuwaka kwenye la 8, ikilalamika kwamba GLIBC_2.34 haipatikani. Kinyume chake kwa kawaida hakina shida upande wa glibc, lakini OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, ilihama kutoka 1.1.1 hadi 3.0 kati ya matoleo hayo mawili, na programu inayotegemea ile ya zamani inaweza kukwama.

Ikiwa ithibati inataja toleo dogo, kama 8.6, lifungie kwa amri ya subscription-manager release --set=8.6, kwa sababu dnf, zana ya kusasisha programu, isipozuiwa itakupeleka kwenye linalofuata. Fahamu pia kwamba toleo dogo lililofungiwa huacha kupata viraka vya usalama punde linalofuata linapotoka, isipokuwa umelipia huduma ya nyongeza na toleo lenyewe limo katika mpango huo. Gharama hiyo iingie katika bajeti tangu mwanzo, na distro pamoja na toleo lake viandikwe ndani ya mkataba wa ununuzi, kwani orodha iliyoko kwenye tovuti ya muuzaji inaweza kubadilishwa wakati wowote.