Heshima ya nani hiyo, mwanangu?

"Shangazi, daktari amesema mama mkwe wangu ana dimenshia, ugonjwa wa kusahau. Harusini alimwita bwana harusi kwa jina la marehemu baba yake, watu wakacheka. Tangu hapo, kwa kumlindia heshima, simpeleki tena shughulini, na mashoga zake nawaambia amelala. Wifi yangu mchonganishi, anayekuja Jumamosi kusuka naye ukili, anadai nimemfungia mama yake. Mume wangu anamuunga mkono. Nifanyeje? Mke wa mtu, Tanga."

Pole, kumwangalia mgonjwa wa namna hiyo kunachosha. Sasa nisikilize.

Heshima unayoilinda ni yako. Umeniandikia watu walivyocheka, lakini hukusema kama mama mwenyewe alikasirika. Aliyeona aibu ni wewe. Na mashoga wanaoambiwa amelala saa nne asubuhi, unadhani wanakuamini? Bibi kizee akifichwa ndani, mtaani huzuka maneno ya uchawi.

Wifi yako yuko sahihi, na huyo unayemwita mchonganishi ndiye anayejua la kufanya. Ugonjwa huu hufuta ya jana kwanza. Ya ujanani na kazi za mikono huchelewa kupotea. Ndiyo maana ukili anausuka bado, na kwa bwana harusi akamwona marehemu baba wa kijana huyo. Kwani hawafanani? Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayochangia mtu kuupata ugonjwa huu: kutengwa na watu kumo, masikio mazito yamo, macho mabovu yamo. Aliyekwisha kuupata ndiye umnyime watu? Masikio yake yamepimwa lini?

Ndoa za siku hizi! Mama mkwe anatakiwa kwenye sare na picha za ukumbini. Akianza kumwaga chai kwenye kochi, anakuwa mzigo wa mume.

Waite mashoga zake wawili wawili, asubuhi, maana jioni wagonjwa hawa huchanganyikiwa zaidi. Waambie ukweli kwamba anaumwa. Wakiingia wajitaje majina, wasimfanyie mtihani wa "unanikumbuka?" Akimwita mtu jina la marehemu, aitikie, yaishe. Harusini nendeni, mkae karibu na mlango, kelele zikimzidi mwondoke.

Na Jumamosi wifi akitaka kwenda naye kwake, mpe. Usimpigie simu kila baada ya nusu saa. Lala.