Uzamili wa uhandisi kwa anayebadilisha fani: masharti ya kuingia ni nusu tu ya hesabu

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: una shahada ya kwanza ya uhandisi wa mitambo yenye wastani wa 3.5 katika ngazi ya 5.0, unataka kusoma uzamili wa uhandisi wa umeme upande wa mifumo ya udhibiti, na unataka kujua kama utapokelewa. Mimi pia nilitoka kwenye mitambo nikaingia kwenye umeme. Nilipokelewa, kisha nikachelewa kuhitimu kwa muhula mzima, kwa sababu swali nililojiuliza wakati ule lilikuwa hilo hilo lako. Masharti ya udahili niliyakariri. Kanuni za kuhitimu nilizifungua nikiwa tayari nimekaa darasani.

Barua yangu ilisema nimedahiliwa kwa masharti ya kusoma kozi mbili za ngazi ya shahada ya kwanza, yaani ishara na mifumo pamoja na saketi za elektroniki, na kuzifaulu kwa B au zaidi ndani ya mwaka wa kwanza. Niliona ni jambo dogo. Sikuuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa maana gunia lilikuwa wazi na mimi ndiye sikuchungulia: kanuni za idara zilieleza bayana kwamba krediti za kozi za kuziba pengo hazihesabiwi katika krediti 30 za shahada. Ada yake unalipa, mitihani yake unafanya, lakini ukifika kwenye hesabu ya kuhitimu ni kama hukusoma kitu. Lililoniumiza zaidi lilikuwa mpangilio wake. Ishara na mifumo ilikuwa kozi tangulizi ya mifumo ya mstari, ambayo ilifundishwa muhula wa kwanza tu wa kila mwaka, nayo mifumo ya mstari ilikuwa kozi tangulizi ya udhibiti bora, iliyofundishwa muhula wa pili tu. Kwa hiyo kozi iliyobeba msingi wa tasnifu yangu niliifikia mwisho wa mwaka wa pili, wakati wenzangu walikuwa wakiandaa utetezi.

Kwa sababu hiyo nakushauri uanze na nakala yako ya matokeo, ukiisoma kozi kwa kozi. Jina la shahada lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Idara ya umeme itatafuta kalkulasi hadi ya vigeu vingi, aljebra ya mstari, milinganyo tofautishi, nadharia ya uwezekano, na uwezo fulani wa kuandika programu. Mhandisi wa mitambo huwa navyo karibu vyote. Kinachopungua mara nyingi ni saketi, elektroniki, na ishara. Hata hapo huenda una zaidi ya unachofikiri, kwa kuwa kozi za mitikisiko na za udhibiti wa mitambo hufundisha mageuzo ya Laplace (mbinu ya hisabati ya kurahisisha milinganyo tofautishi) na uthabiti wa mifumo, ambayo ni sehemu kubwa ya ishara na mifumo. Mwanafunzi mwenzangu aliyetoka fani ile ile alipeleka muhtasari wa kozi hizo, wenye mada za kila wiki na kitabu cha kiada kilichotumika, akasamehewa kozi moja. Mimi nilikuwa na hoja hiyo hiyo, ila sikuwa na karatasi. Chukua mihtasari hiyo katika idara yako ya zamani mapema, kabla mitaala haijabadilishwa na nakala za zamani kupotea.

Kuhusu wastani wako, usiugeuze mwenyewe kwa kugawanya. Wengi huigawa 3.5 kwa 5, wakazidisha kwa 4, wakapata 2.8, kisha wakakata tamaa kwa kuwa vyuo vingi vya Marekani huandika 3.0 kati ya 4.0 kuwa kiwango cha chini. Hesabu hiyo haina mashiko, kwani wanaotathmini hutazama alama hiyo ina uzito gani katika mfumo ilikotoka, na idara nyingi huzipa kozi za miaka miwili ya mwisho nafasi kubwa zaidi. Ujerumani hutumia kanuni iliyo wazi: chukua alama ya juu kabisa inayowezekana, toa alama yako, gawa kwa tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, kisha ongeza 1. Ikiwa kwenu ufaulu huanzia 2.0, basi 5.0 kutoa 3.5 ni 1.5, ukigawa kwa 3.0 unapata 0.5, ukizidisha kwa 3 na kuongeza 1 unapata 2.5. Kwao 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na programu kadhaa huweka mpaka wake kwenye 2.5, kwa hiyo uko ukingoni lakini ndani.

Mitihani sanifu sina mengi ya kuisemea. Matokeo ya GRE, mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya uzamili, hudumu miaka 5, na idara nyingi zimeacha kuyadai tangu 2020; ya TOEFL na IELTS, mitihani ya kupima Kiingereza, hutambuliwa kwa miaka 2, hivyo usifanye mapema mno.

Barua za mapendekezo, ambazo huwa mbili au tatu, zina uzito kuliko mitihani hiyo yote. Nilijivunia barua ya mkuu wa idara, ambaye hakunijua zaidi ya jina, na nadhani haikunisaidia lolote. Mwalimu aliyesimamia mradi wako wa mwisho, anayeweza kueleza ulivyohangaika na kihisio kilichokuwa kikitoa vipimo vya uongo na ulivyokibaini, ataandika kurasa mbili zenye uhai. Maelezo yako ya nia nayo yasiwe wasifu wa utoto wako. Eleza unataka kutatua tatizo gani na kwa nini unalileta kwenye idara hiyo. Kwa mtu wa mitambo, udhibiti wa mitikisiko au wa roboti ni daraja zuri, kwa sababu unaingia na ujuzi ambao wenyeji wa umeme hawana.

Sasa masharti ya kuhitimu. Marekani krediti 30 ni kiwango cha kawaida, yaani kozi 10 za krediti 3 kwa asiyeandika tasnifu. Anayeandika hupunguziwa kozi mbili au tatu, maana tasnifu huhesabiwa krediti 6 hadi 9. Katika mfumo wa Ulaya uliokua kutokana na makubaliano ya Bologna ya 1999, mwaka mmoja ni krediti 60, kila moja ikikadiriwa saa 25 hadi 30 za kazi, na uzamili huwa krediti 90 au 120. Uingereza huhitaji krediti 180 kwa mwaka mmoja, 60 kati yake zikiwa za mradi. Wastani wa kuingilia mara nyingi ndio huo huo unaotakiwa kuudumisha, na C mbili zinaweza kukuweka chini ya uangalizi ingawa umefaulu. Uliza pia kama chuo kinadai usajili usiokatika: muhula wangu wa tano nilikuwa nikisahihisha tasnifu tu, na ada ya usajili niliilipa.

Tasnifu ichague ukiwa na nia ya uzamivu au ya kazi ya utafiti. Kama unarudi kiwandani, njia ya kozi ina tarehe ya mwisho inayojulikana, wakati tasnifu humalizika msimamizi anaporidhika. Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni usajili wa kitaaluma. Mkataba wa Washington wa 1989, unaotumiwa na nchi wanachama kutambuana elimu ya uhandisi, unahusu shahada ya kwanza, kwa hiyo usitegemee uzamili kuponya shahada ya kwanza ambayo haikuwa na ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwamba inakidhi viwango.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, mwandikie mratibu wa shahada za juu barua pepe fupi, ukiambatanisha nakala ya matokeo, na umuulize ni kozi zipi za kuziba pengo utakazopangiwa, kama krediti zake zinahesabiwa, na kila kozi ya lazima hufundishwa muhula upi. Mimi lingeniokoa jibu la hilo la tatu.