Kuketi kwenye kiti cha msikilizaji: uzoefu wangu wa kufundisha stadi za mawasiliano kwa miwani ya uhalisia pepe

Ndugu mkufunzi mwenzangu, umeeleza kwamba chuo chenu cha jamii kimepata miwani kadhaa ya uhalisia pepe, yaani ile inayoyafunika macho na kumwonyesha mvaaji mandhari ya kuchorwa kwa kompyuta kana kwamba yumo ndani yake, na kwamba uongozi unataka itumike katika somo la stadi za mawasiliano kuanzia muhula ujao. Umeuliza kama kweli mtu anaweza kujifunza kuzungumza na watu kwa kuzungumza na watu wa kuchorwa, na kama inawezekana, uanzie wapi. Somo hili nimelifundisha kwa miaka mingi, na katika mihula minne iliyopita nimelifundisha nikiwa na miwani 6 kwa darasa la wanafunzi wapatao 30. Nitakujibu kwa kirefu kutokana na yale niliyoyaona mwenyewe, pamoja na yale niliyokosea.

Inawezekana, lakini si kwa kila stadi. Miwani humsaidia mwanafunzi kuzoea kutazamwa na humpa nafasi ya kurudia zoezi bila kuona haya. Haimfundishi kusikiliza, isipokuwa ukimwondoa mahali alipokuwa akizungumzia na kumketisha mahali pa yule aliyekuwa akizungumza naye. Hilo nililitambua baada ya muhula mzima wa kuvitumia vifaa hivyo isivyofaa, nami ningependa wewe uanze nalo.

Kwanza niseme kwa nini suala la kurudia lina uzito mkubwa katika vyuo vyetu. Mwanafunzi wa chuo cha jamii mara nyingi ametoka kazini au anaelekea kazini, wengine wana watoto wanaowasubiri, na wengine wamerudi darasani baada ya miaka mingi nje ya masomo. Hawezi kubaki chuoni jioni akijizoeza hotuba. Darasani nako muda hautoshi: hotuba ya dakika 5 na mrejesho wa dakika 3 kwa kila mmoja wa wanafunzi 30 ni dakika 240, yaani saa 4 kamili, ili kila mtu asimame mara moja tu. Kabla ya kupata miwani, wanafunzi wangu walisimama mbele ya wenzao mara mbili kwa muhula, na mara zote mbili walikuwa wakipewa alama. Nikilitazama jambo hilo sasa, naona kwamba nilikuwa nikiwatahini katika jambo ambalo sikuwa nimewapa nafasi ya kulifanyia mazoezi. Siku hizi mwanafunzi anaweza kusimama mbele ya hadhira ya kuchorwa mara nne au tano kabla ya kusimama mbele ya wenzake, na majaribio hayo hayana alama hata moja.

Kuhusu wasiwasi wako kwamba picha haiwezi kumtisha mtu, ukweli ni kwamba inamtisha. Mwaka 1999 Mel Slater, mtafiti wa uhalisia pepe, na wenzake walichapisha kazi iliyohusu watu wanaohutubia hadhira ya kuchorwa, na mwaka 2002 yeye, David-Paul Pertaub na Chris Barker walilinganisha hadhira tatu: iliyotulia bila kuonyesha hisia, iliyochangamka na kuvutiwa, na iliyochoshwa na kuonyesha dharau. Hadhira ile ya dharau iliwatia wasiwasi hata watu ambao kwa kawaida hujiamini wanapozungumza hadharani, ingawa walijua kwamba mbele yao hapakuwa na mtu. Niliyasoma hayo baada ya kukosea. Nilikuwa nimeanza na ukumbi wa watu wakali kwa kudhani kwamba atakayeshinda hapo atashinda popote. Mwanafunzi mmoja, mwanamume mtu mzima mwenye kazi ya kuheshimika, alishikwa na kigugumizi dakika ya kwanza, akavua miwani na kutoka nje, na kwa wiki mbili hakurudi darasani. Alipokubali kurudi nilimwomba radhi, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Tangu hapo ninaanza na chumba cha watu watatu wanaosikiliza kwa utulivu, na ni mwanafunzi mwenyewe anayeamua lini yuko tayari kwa hadhira kubwa zaidi au ngumu zaidi.

Ili kujua nani aanze wapi, ninatumia dodoso la James McCroskey, mtafiti wa mawasiliano wa Marekani, linalojulikana kama PRCA-24. Lina kauli 24 zilizogawanywa katika mazingira manne: majadiliano ya kikundi, mikutano, mazungumzo ya watu wawili, na hotuba. Jumla ya alama huanzia 24 hadi 120, na anayezidi 80 huhesabiwa kuwa na woga mkubwa wa kuwasiliana. Jumla hiyo hainisaidii sana. Kinachonisaidia ni kuitazama sehemu moja moja. Kila muhula ninakuta wanafunzi ambao hotuba haiwasumbui hata kidogo, lakini ulimi unakuwa mzito wanapokaa ana kwa ana na mtu mmoja mwenye mamlaka juu yao. Kumpeleka mtu wa namna hiyo kwenye ukumbi wa kuchorwa ni kumpotezea muda. Yeye anahitaji chumba cha usaili chenye meza moja na mtu mmoja upande wa pili.

Sasa nije kwenye suala la alama zinazotolewa na programu zenyewe, kwa sababu ndipo nilipopoteza muhula wangu wa kwanza. Programu niliyokuwa nikiitumia ilihesabu kasi ya maneno kwa dakika, idadi ya vijazo kama «aaa» na «mmm», na kile ilichokiita mtazamo wa macho, kisha ikampa mwanafunzi jumla yake. Wanafunzi walizipenda alama hizo, nami nilizipenda kwa sababu ziliniokolea kazi ya kusahihisha. Tatizo ni kwamba miwani mingi ya bei nafuu haifuatilii macho, inafuatilia kichwa. Programu ilichokuwa ikikipima ni mwelekeo wa kichwa, na haikuchukua muda wanafunzi kugundua hivyo. Wakawa wanazungusha vichwa polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine kama feni, wakapata alama za juu, kisha wakaja kuzungusha vichwa vivyo hivyo mbele ya wenzao. Vijazo navyo vilipungua, lakini pamoja navyo ulipungua ule ukimya mfupi ambao mzungumzaji mzuri huutumia kumpa msikilizaji nafasi ya kulipokea neno zito. Nilizima alama zote, na sijaziwasha tena. Kipimo kikiwa mbele ya macho ya mwanafunzi, atajifunza kukiridhisha kipimo, nasi hatukumleta chuoni kwa ajili hiyo.

Kilichobadilisha kazi yangu ni uwezo mwingine wa programu ambao mwanzoni niliupuuza. Baadhi ya programu zinaruhusu watu wawili wenye miwani kukutana katika chumba kimoja cha kuchorwa, zikarekodi sauti na mwendo wa vichwa na mikono yao, kisha zikamruhusu mmoja wao kuingia tena katika mazungumzo hayo akiwa ameketi kwenye kiti cha mwenzake. Mkufunzi mwenzangu, ambaye ni hodari wa kuigiza, alivaa miwani akawa mgonjwa aliyefika mapokezi na kuambiwa kwamba miadi yake imeahirishwa. Mwanafunzi wa kozi ya afya, binti mwepesi wa maneno ambaye siku zote alikuwa mbele ya wenzake, ndiye aliyekuwa mpokeaji. Mazungumzo yalikwenda vizuri, au ndivyo sote tulivyodhani. Maelezo yake yalikuwa kamili, sauti ilikuwa ya upole, na miadi mpya aliipanga bila kukosea. Kisha nikamketisha kwenye kiti cha mgonjwa na kumchezea mazungumzo yale tangu mwanzo.

Alikaa kimya hadi mwisho. Alipovua miwani alisema kwamba mara tatu mgonjwa alianza kueleza kwa nini siku ile ilikuwa muhimu kwake, na mara zote tatu yeye alimkatiza ili ampe suluhisho. Nilikuwa nimemfundisha kuhusu kukatiza watu, nikampa hata usomaji na maswali, na katika mtihani wa maandishi alikuwa amejibu sawasawa. Hakuwahi kukatizwa na yeye mwenyewe. Akaomba arudie, na safari ile mgonjwa alipoanza kusema, alisubiri.

Zingatia kwamba jambo hili lilihitaji mtu halisi nyuma ya yule mgonjwa wa kuchorwa. Wahusika ambao maneno yao yameandikwa tayari husema sentensi yao inayofuata hata kama mwanafunzi hakusikiliza ile iliyotangulia, kwa hiyo humzoesha kungoja zamu yake, na kungoja zamu si kusikiliza. Kwa hotuba na kwa hatua za mwanzo za usaili wanatosha. Kwa mazungumzo yenye hisia, kama kupokea malalamiko, kutoa habari mbaya au kumkatalia mtu ombi lake, tafuta mwenzako wa kuigiza, au wafundishe wanafunzi waigiziane. Baada ya kila zoezi tenga muda wa kulizungumzia, usiopungua muda wa zoezi lenyewe. Mimi huuliza maswali mawili tu: ulisikia nini ulipokuwa kwenye kiti cha pili, na ungependa aliyekuwa mbele yako afanye nini tofauti?

Mambo ya vifaa nitayataja kwa haraka. Kizunguzungu hutokea macho yanapoona mwendo ambao mwili hauuhisi, kwa hiyo chagua mandhari ambayo mtumiaji amesimama au ameketi mahali pamoja, na usivuke dakika 10 hadi 15 kwa mara moja. Rekebisha umbali wa lenzi kwa kila mtu. Futa lenzi kwa kitambaa kikavu laini, usitumie spiriti, na usiache miwani karibu na dirisha, kwa maana lenzi hukusanya jua na kuunguza kioo cha ndani. Zungumza mapema na kitengo cha kompyuta, kwa sababu miwani husumbua inapokutana na mtandao unaodai jina na nywila kwenye ukurasa wa kuingilia. Watu sita wakizungumza kwa pamoja katika chumba kimoja, maikrofoni hunasa sauti za majirani. Sisi tuliomba chumba cha pili.

Wapo pia wasioweza au wasiotaka kuivaa. Nimekuwa na wanafunzi wenye kipandauso, wenye miwani mizito ya macho, na waliovaa hijabu au kusuka nywele kwa namna ambayo mikanda haikai vizuri. Wape zoezi lilelile mbele ya watu wawili wa kweli, lenye uzito uleule, bila kuwataka wajieleze. Na kabla ya kurekodi sauti ya mtu yeyote, mweleze rekodi inahifadhiwa wapi na inafutwa lini, kisha uifute siku hiyo uliyoahidi. Mwanafunzi anayehofu kwamba makosa yake yatasikilizwa na wengine hatathubutu kukosea, na zoezi zima litakuwa halina faida.

Kuhusu kuanza, ningekushauri muhula wa kwanza uchague mazungumzo ya aina moja tu, yale ambayo wanafunzi wako watakutana nayo kazini mapema zaidi, na uyafanye kwa watu wawili wawili pamoja na kubadilishana viti. Ukumbi na hadhira kubwa vinaweza kusubiri. Ukiniambia wanafunzi wako wengi wanasomea kozi zipi, nitakuwekea hapa maelezo ya wahusika ninayompa anayeigiza mgonjwa, mteja au msaili, uyabadilishe yaendane na darasa lako.