5.56 kwenye mtutu wa .223

Je, risasi ya 5.56 NATO inaweza kutumika kwenye mtutu ulioandikwa .223 Remington, yaani uliotengenezwa kwa risasi ya aina hiyo? Hapana, usiitie. Kinyume chake ni sawa: bunduki ya AR-15 yenye chemba (sehemu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) ya 5.56 inapiga zote mbili. Kwa macho risasi hizo zinafanana, ila chemba ya 5.56 ina nafasi ndefu zaidi kabla kichwa cha risasi hakijashika mifuo ya mtutu (michirizi ya ndani inayokizungusha). Nafasi ikiwa fupi, kama kwenye .223, presha inaweza kupanda kupita kiasi. SAAMI, wanaoweka viwango vya risasi Marekani, wanauhesabu mchanganyiko huo kuwa si salama. Kama hujanunua mtutu bado, mimi ningechukua wenye chemba ya .223 Wylde, unakubali zote mbili. Mtutu usio na alama mpelekee fundi bunduki aupime kwanza, maneno ya muuzaji hayatoshi.