Presha haijashuka, moyo umejuaje kwamba damu imepungua?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasoma uuguzi, mwaka wa pili. Juzi nilichangia damu, chupa moja. Presha kabla ilikuwa 118/76, baada ya kupumzika na kunywa soda 116/76, yaani palepale. Lakini hadi jioni mkojo ulikuwa kidogo sana. Kama presha haikuyumba, mwili ulijuaje?

JIBU: Marahaba. Kinachokuchanganya ni jina la vihisi vya mwili. Tunaviita vihisi presha, ilhali ni miisho ya neva inayohisi ukuta wa mshipa au wa moyo unavyovutwa. Mashine ya mkononi ilipima ateri tu, mishipa inayotoa damu moyoni. Habari ya chupa yako ilitoka kwingine: kwenye atria, vile vyumba vya juu vya moyo, hasa pale vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, zinapoingilia.

Kuta za atria ni nyembamba, na presha ya ile ya kulia ni milimita 2 hadi 6 tu za zebaki. Damu ikijaa, ukuta unatanuka na neva ya vagasi inapeleka ishara nyingi kwenye ubongo. Wewe ulitoa mililita 450 katika lita 5 hivi. Kwa kuwa damu nyingi hukaa kwenye vena, pengo lilionekana huko kwanza. Ukuta ukalegea, ishara zikapungua, ubongo ukabana mishipa na kuziagiza figo zishike chumvi na maji. Hiyo 116 unayoiona ni matokeo ya kazi hiyo.

Mwaka 1956 watafiti Henry, Gauer na Reeves walionyesha kwa mbwa kwamba ukitanua puto dogo ndani ya atria ya kushoto, mkojo unaongezeka. Vitabu huishia kwenye ADH, homoni inayopunguza mkojo. Mimi naona vinawapunja wanafunzi: kwa binadamu, upungufu mdogo kama wako hauistui sana ADH, kazi kubwa hufanywa na neva za simpathetiki za figo (zile za mwili kujihami) pamoja na renini, kimeng'enya kinachotolewa na figo. Tena atria yenyewe hutoa homoni ya kumwaga chumvi, ANP, aliyoigundua Adolfo de Bold mwaka 1981. Atria ikilegea, ANP nayo hupungua.

Ukirudi wodini, mtafute mgonjwa wa miguu iliyovimba anayeamkia chooni usiku kucha. Akilala, maji ya miguuni hurudi kwenye damu, atria zinajaa, figo zinafungulia. Kabla hujaisingizia chai ya jioni, mbonyeze juu ya kifundo cha mguu uone kama kidole kinaacha shimo.