Wakili wa Kampala anayetaka kufundisha sheria ya bahari

Ndugu wakili, umeuliza kama baada ya miaka sita ya kesi za ardhi unaweza kuwa mhadhiri wa sheria ya bahari, na kama watu watakucheka kwa kuwa Uganda haina pwani. Watacheka. Mimi walinicheka. Lakini Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 una Sehemu ya 10 nzima, ibara ya 124 hadi 132, kuhusu nchi zisizo na bahari kama yetu. Lori lenye kontena kutoka Mombasa likikwama Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hapo una mada ya utafiti.

Tafuta shahada ya uzamili; IMLI, taasisi ya kimataifa ya sheria ya bahari kule Malta, hufundisha fani hii. Uzamivu utafuata. Ila kabla ya yote andika makala moja, hata kuhusu hukumu ya 2021 ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya. Sisi mawakili tumezoea kuficha udhaifu wa hoja zetu, na kwenye makala za kitaaluma unatakiwa uuanike mwenyewe. Makala yangu ya kwanza ilirudi na wino mwekundu kila ukurasa.

Leseni ya uwakili endelea kuilipia. Na kama una mkopo wa benki, ongea na mshauri wa fedha kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.